Kuna jamaa anataka kutuletea chatu, komba na tumbili kwenye kikundi cha watoto hapa Tanga, anadai laki mbili. Mnashauri nini?

MAMA KIKOBA

Habari za jioni wana jukwaa. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mhazini wa kikundi cha akina mama hapa Makorora. Kazi yetu hasa ni kuweka na kukopa, lakini kila likizo ya Desemba tunawakusanya watoto wa mtaa uani kwa mwenyekiti wetu, penye mwembe mkubwa na choo cha uhakika. Tunawapikia, tunawatafutia shughuli, ilimradi wasishinde barabarani wakikwepana na bodaboda. Mwaka juzi alikuja bibi mmoja akawafundisha kusuka ukili. Mwaka jana alikuja kijana anayejua mambo ya moto, akawaonyesha namna ya kuzima mtungi wa gesi kwa blanketi lililolowa, na mpaka leo wanaigiza. Mashuka yangu mawili yameshageuka vifaa vya zimamoto.

Mwaka huu mwenzetu mmoja ametuletea mtu mwenye Noah. Anasema anazunguka na maonyesho ya wanyama hai: bethidei, shule za chekechea, mahoteli. Akatufungulia video kwenye simu. Chatu kavishwa mtoto shingoni, mtoto analia, watu wazima wanacheka. Tumbili kavalishwa pampasi na kaptula, mnyororo kiunoni. Komba kwenye kiboksi cha wavu, mchana kweupe, kajikunyata kwenye kona. Kobe wawili na kinyonga kwenye kijiti. Bei ni laki mbili kwa saa moja, mafuta juu yetu, na kila mtoto atakayepiga picha na chatu ni shilingi elfu mbili. Hiyo ya picha ni yake, haiingii kwenye hesabu.

Akina mama tumegawanyika. Mmoja anasema kinyonga hakanyagi uani kwake hata kwa dawa. Mwingine ana kijana wake Marekani, kamtumia video ya maktaba moja huko, dada kakaa kwenye zulia na kalunguyeye kiganjani, watoto wametulia tuli. Basi hoja imekuwa hiyo: "Mbona Marekani wanafanya?" Mwenyekiti naye anataka, na sababu yake siwezi kuibeza. Watoto wetu hawajaona mnyama zaidi ya paka, mbuzi na kunguru. Wangu wa darasa la tano anamjua simba kwa noti ya elfu mbili na kifaru kwa noti ya elfu tano. Tembo wa elfu kumi hata sisi wazazi hatumwoni mara nyingi.

Lakini mimi ndiye nashika hela, na hela ya watu inanifanya niulize maswali. Nilimwuliza yule bwana kibali. Akatoa karatasi iliyopigwa lamination, kusoma naona ni barua ya ofisi ya mtaa wa mkoa mwingine kabisa inamtambulisha kuwa ni msanii. Nikamwuliza tumbili akimng'ata mtoto inakuwaje. "Hajawahi." Nikamwuliza komba anakula nini. "Kila kitu." Nimefuga kuku miaka mingi, na hata kuku siwezi kusema anakula kila kitu.

Kwa hiyo naomba anayejua anijuze. Sheria inasemaje? Kuna maradhi ya kuogopa? Huko Marekani wanakotutolea mfano wanafanyaje hasa? Na tukimkataa huyu, watoto niwaonyeshe nini? Nikirudi mkutanoni na "hapana" tupu nitaitwa mchawi wa furaha za watoto.


KIBATARI

Mama umeniua na tembo wa elfu kumi.

Laki mbili? Wewe panga watoto waende Nane Nane Morogoro, si ndiko kanda yetu ya Mashariki, Tanga tumo. Banda la Maliasili simba unamwona kalala zake ndani ya kizimba, na hakuna wa kukuvisha chatu. Ubaya wake foleni, na Desemba hakuna Nane Nane, lakini ushauri wangu ni wa bure.

Halafu huyo bwana asijione kavumbua. Mwaka 1415 watu wa Malindi walimpeleka twiga mpaka China kwa mfalme. Twiga mzima, kwa jahazi! Na sijasikia kwamba kuna aliyetozwa elfu mbili ya picha.


BINTI CHUMBAGENI

Mama Kikoba, shikamoo. Uzi huu kama umeandikwa kwa ajili yangu. Nimezaliwa Chumbageni, nikasoma Usagara, sasa naishi Ohio, na kazi inayonilipia kodi ya nyumba ni hiyohiyo: naendesha gari la wanyama. Majira ya joto, watoto wakiwa likizo, tunazunguka kwenye maktaba. Baada ya hapo ni vikundi vya skauti, makanisa, bethidei, na nyumba za kutunzia wazee. Tunabeba wanyama watano au sita, kipindi hakizidi saa moja.

Nianze na kalunguyeye, maana ameniacha hoi. Siku ya kwanza kazini niliambiwa nitaonyeshwa mnyama wa ajabu kutoka Afrika. Boksi linafunguliwa, namwona yuleyule anayepitapita usiku nyuma ya jiko la bibi yangu akitafuta wadudu! Huku watu wanalipa kumwona. Nikampenda hapohapo kwa sababu ya nyumbani.

Sasa chatu. Mama, yule chatu unayemwona kwenye video za Marekani, mara nyingi ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, wa Ghana, Togo na Benin. Urefu wake mita moja na kidogo, na akiogopa anajiviringa, kichwa anakificha katikati. Si huyu wetu wa mabondeni anayekamata mbuzi. Wetu akikomaa anapita mita tatu, na ana misuli ya kubana ambayo mtu mzima mmoja hawezi kuifungua peke yake. Anayemvisha mtoto wa darasa la pili chatu wetu shingoni halafu anasema "hata Marekani wanafanya", analinganisha vitu viwili tofauti. Na hata huyo mdogo sisi hatumvishi mtu shingoni. Anakaa mikononi mwangu, mtoto anakuja kumgusa.

Ukitaka kumjua mtu wa kazi hii usimtazame mnyama, tazama boksi. Sisi kila mnyama ana lake, lina kufuli, lina matundu ya hewa, giza la kutosha ndani na kitu cha kujifichia, na limefungwa mkanda garini lisiteleze. Nyoka anasafiri ndani ya mfuko wa kitambaa uliofungwa mdomo, kisha mfuko unaingia kwenye boksi. Kwa hiyo ukimwona na mfuko usimhukumu haraka. Ukimwona na kiroba cha sandarusi, au wanyama wawili boksi moja, mhukumu. Wakati wa baridi gari linapashwa joto kabla ya kitu chochote kuingia, kwa sababu nyoka na kobe hawana joto lao wenyewe, wanategemea la nje. Kwenu shida ni kinyume chake: Noah imeegeshwa juani saa saba mchana Makorora, madirisha yamefungwa. Mwulize bwana yule akiwa anakula wali wenu, wanyama wanakuwa wapi.

Halafu mwulize swali ambalo mimi ningemkata nalo: mnyama akikataa, unafanyaje? Kazini kwetu jibu liko tayari. Kalunguyeye akibaki kajikunja anapumua kwa hasira, anarudi ndani, watoto wanaambiwa leo hataki, na tunaendelea na mwingine. Nyoka aliyekula hashikwi mpaka siku mbili zipite, la sivyo atatapika. Nyoka ambaye macho yamekuwa na ukungu wa buluu anakaribia kujivua gamba, haoni vizuri, ana wasiwasi, anabaki nyumbani. Kuna siku nimefika maktaba na nusu ya wanyama hawakutolewa. Mkutubi alinuna, lakini ndivyo kazi ilivyo. Mtu anayeuza picha kwa elfu mbili mbili hawezi kukubali chatu akatae. Biashara yake yote iko pale shingoni.

Kugusa nako kuna utaratibu. Vidole viwili, mgongoni, mbali na kichwa, mmoja mmoja, na asiyetaka halazimishwi wala hachekwi. Bundi haguswi kabisa, mafuta ya mikono yanaharibu manyoya. Bundi wetu aligongwa na gari, bawa moja halifanyi kazi, ndiyo maana yuko kwetu na si msituni. Hata hivyo kumwonyesha tu kunahitaji kibali cha serikali kuu, kwa sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918. Bundi wa ajali! Na tumbili hatubebi, wa aina yoyote. Wanang'ata, na maradhi yetu wanayapata nasi tunayapata yao.

Kuhusu maradhi, kubwa kwetu ni salmonela. Kobe, nyoka, mijusi, hukaa nayo tumboni na wenyewe wazima kabisa. Mtoto anamgusa kobe, anaweka kidole mdomoni, kesho anaharisha damu. Ushauri wa afya huku ni kwamba walio chini ya miaka 5 wasiwaguse reptilia kabisa, na wengine wote wanawe kwa sabuni na maji kabla ya kushika kingine. Mwaka 1975 Marekani walipiga marufuku kuuza kobe wa kufugwa wenye ganda lisilofika inchi 4, kisa watoto walikuwa wanawaweka mdomoni. Kwa hiyo kama mkifanya chochote, ndoo za maji ziwe mlangoni na sabuni iwe ya kweli, si ile kipande kimoja watoto hamsini.

Lakini nisije nikawauzia Marekani. Sheria yao ya ustawi wa wanyama ya mwaka 1966 inamtaka anayeonyesha wanyama awe na leseni, ila haiwagusi wenye damu baridi. Mwenye nyoka na mijusi watupu anaweza kufanya bethidei mwaka mzima bila mkaguzi wa sheria hiyo kumgongea mlango. Wapo wenzetu wa hovyo kabisa, nimewaona, chui mchanga kwenye maegesho ya duka. Huko Uingereza, yaani England yenyewe, wamekaza zaidi kidogo: tangu 2018 kuonyesha wanyama ni leseni, na tangu Januari 2020 sarakasi za kuzunguka haziruhusiwi kutumia wanyama wa porini.

Nikuibie siri moja ya kazi. Kwenye nyumba za wazee, mnyama anayependwa kuliko bundi na nyoka ni kuku. Kuku wa kawaida, mwekundu. Wengi wao walikulia mashambani. Nikimtoa tu, wazee ambao kipindi kizima walikuwa wanasinzia wanaanza kubishana namna bora ya kumnyonyoa. Mimi nasimama pale na kuku wangu, kuku haelewi, nami naombea mjadala usihamie kwenye mapishi.


AFISA MSTAAFU

Nimesoma kwa makini. Nilikuwa afisa mifugo, nimefanya kazi Muheza na Korogwe kabla ya kustaafu. Nitajibu la sheria na la maradhi, mengine binti ameyamaliza.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009. Watu wengi wakisikia "nyara za serikali" wanafikiria pembe na ngozi. Katika sheria hiyo nyara ni pamoja na mnyama mwenyewe, awe hai au amekufa. Kwa hiyo tumbili wa pampasi ni nyara. Chatu ni nyara. Na yeyote anayewashikilia lazima awe na kibali kutoka mamlaka ya wanyamapori, ambayo kwa maeneo ya nje ya hifadhi za taifa ni TAWA. Ofisi ya mtaa haina uwezo huo, hata mwenyekiti wa mtaa akiwa na mihuri mitatu. Kufuga wanyamapori kihalali inawezekana, wapo wenye bustani za wanyama na mashamba wenye leseni. Leseni hizo hutaja jina la mwenyewe, mahali, na aina ya wanyama. Akikuletea karatasi, angalia hayo matatu. Kama inasema kobe na kwenye gari mna komba, umeshapata jibu.

Atakayeshtakiwa kwanza ni yeye. Lakini kikundi kilichomlipa, kikapiga video na kuzirusha WhatsApp, nacho kitaitwa kueleza. Nyinyi mnashika fedha za wanachama. Msiingie huko.

Nieleze pia wanyama hawa hutoka wapi. Komba hazaliwi kwenye kiboksi cha wavu. Amekamatwa. Wagema wa minazi husimulia kwamba komba hulewa tembo la mnazi kwenye kibuyu na asubuhi wanamwokota chini, na huko ndiko wengine wanakouzwa. Ni mnyama wa usiku, macho yale makubwa ni ya gizani. Kumtoa saa sita mchana chini ya kelele za watoto ni kumtesa, hata kama hapigwi. Tumbili mara nyingi huchukuliwa angali mchanga mgongoni mwa mama, na mama hakubali kumwachia akiwa hai. Malizieni wenyewe.

Kuhusu kung'atwa: mnyama yeyote anayenyonyesha anaweza kubeba kichaa cha mbwa, tumbili akiwemo. Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo, msisubiri dalili. Dalili zikianza hakuna tena tiba. Msipake mafuta ya taa, msifunge majani. Nimezika watu kwa sababu ya majani.

Chatu hana sumu, lakini ana meno mengi yaliyoelekea ndani, na mtu akivuta mkono ndipo yanapochana. Na mkiona nyoka wa maonyesho mpole kupita kiasi, msimsifu haraka. Huko India na Morocco wapo wanaoshona mdomo wa nyoka au kumng'oa meno, akaishi wiki chache akafa kwa njaa na usaha. Sisemi huyu bwana anafanya hivyo, simjui. Nasema upole wa nyoka si ushahidi wa kutunzwa vizuri.

Atatokea wa kusema mbona Wasukuma wanacheza ngoma na chatu. Wanacheza, na wanaocheza ni wenyewe, watu waliofunzwa toka ujana. Chatu hawamkabidhi mtoto wa mgeni.


KIBATARI

Afisa hapo kwenye mihuri mitatu umemlenga mwenyekiti wetu wa mtaa waziwazi.


MAMA KIKOBA

Afisa, shikamoo, na Mungu akuzidishie. Binti Chumbageni, kuku wako nimewasomea akina mama kwa sauti, mwenyekiti kacheka mpaka kavua miwani.

Nimempigia yule bwana. Nikasema sisi tuko tayari, atutumie tu leseni inayotaja jina lake, mahali, na wanyama. Akasema iko ofisini. Nikasema basi atupe jina la ofisi tumfuate. Akasema anaendesha gari atanipigia. Nimemwandikia ujumbe, umesomwa, kimya. Sasa kuna watakaosema nimemfukuza, lakini mimi nimeuliza karatasi tu.

Nimebaki na lile swali langu la mwisho. Kuku na sungura tunao, sawa, ila watoto wa hapa si wazee wa Ohio, kuku wanamjua kwa sahani. Wanataka kushangaa. Binti, wewe ungekuwa na watoto arobaini uani na hela ile ile ya laki mbili, ungefanyaje?


BINTI CHUMBAGENI

Mama, ningeanza na kuku huyohuyo, ila ningemfanya mgeni. Usimlete kama kitoweo. Washa mshumaa au tochi ya simu gizani chumbani, mweke yai lenye kifaranga cha siku saba au nane mbele ya mwanga, utaona mishipa ya damu imetanda na kitu kinachezacheza. Watoto watano watano wanaingia. Niamini, hata watu wazima watapanga foleni. Kuku anayeatamia tayari mnaye, mnahitaji kupiga hesabu ya siku tu, maana anaangua siku ya 21.

Na kama mnataka mnyama wa kujivunia, wasimulieni panya buku. Wale wa shirika la APOPO pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine. Wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini, wengine wananusa makohozi kutafuta kifua kikuu. Magawa aliyefundishwa hapohapo Morogoro alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza. Panya! Bustani ya wanyama ya San Diego huku wamewahi kuwaonyesha wageni panya buku anavyonusa. Wamarekani wanashangaa panya buku, sisi tunataka kulipa laki mbili tuone tumbili kavaa kaptula.

Mchezo wake ni rahisi: vikopo kumi vimefunikwa kitambaa, kimoja kina karafuu, watoto wanafungwa macho wanatafuta. Atakayepata anapewa ndizi, maana panya nao hulipwa ndizi. Hakuna mnyama anayeumia, na kidogo wanaelewa pua ile inafanya kazi gani.


PANGANI KWETU

Naingia kwa kuchelewa. Mama Kikoba, laki mbili peke yake haitoshi Coaster, lakini mkichangishana mnaweza kuwapeleka watoto wakaona kitu ambacho huyo mwenye Noah hawezi kukibeba.

Kasa. Kisiwa cha Maziwe zamani kilikuwa na mivinje, na kasa walikuwa wanapanda kutaga kwa wingi. Miti ikaisha, kisiwa kikaliwa na bahari, siku hizi maji yakijaa kinazama chote na kubaki mchanga tu wakati wa kupwa. Kasa wao hawajaambiwa. Bado wanakuja kutaga palepale, na mayai yakiachwa yatazama. Kwa hiyo walinzi huyafukua na kuyahamishia pwani ya Ushongo, yanazikwa upya juu ya alama ya maji makuu. Baada ya kama miezi miwili vitoto vinatoka, kwa kawaida jioni jua likipoa, na watu huruhusiwa kusimama pembeni kutazama vinavyokwenda baharini. Hakuna kushika, hakuna tochi ya simu usoni mwao, maana vinafuata mwanga vikapotea njia. Unakaa nyuma ya kamba, unatazama, basi.

Siwezi kukuahidi Desemba. Mayai hayana kalenda ya shule. Mnapiga simu kwa wahusika wa Ushongo, wanawaambia kiota kipi kinakaribia, mnakwenda au mnasubiri.

Kama bahari haikai sawa, Amani. Hifadhi ya Amani iko kwenu hapo juu, unapita Muheza unapanda mlima. Vinyonga wa Usambara wapo, kuna dume wa pembe tatu, na wakati mzuri wa kuwaona ni usiku kwa tochi. Wakilala wanakaa ncha ya tawi, rangi imepauka, mwanga ukiwapiga wanang'aa hata mtoto anawaona kabla ya mwongozaji. Huyo wa kijiti cha bwana Noah anageuka rangi kwa hofu watu wanapiga makofi. Yule mama anayekataa kinyonga uani kwake mwambieni asiwe na shida, hatukileti, sisi ndio tunakifuata.


AFISA MSTAAFU

Naunga mkono Amani, ila watoto wadogo usiku msituni wachukuliwe wachache na waongozaji wa hifadhi, viatu vya kufunika. Na kwa walio chini ya miaka saba pelekeni Buhuri, chuo cha mifugo, hapo hapo Tanga. Ombeni kwa barua mapema. Ndama wa siku mbili anayeng'ang'ania kidole cha mtoto akidhani ni chuchu, hiyo nayo ni elimu. Kunawa mikono palepale.


KIBATARI

Mimi najitolea kubeba viatu vya watoto. Chatu hapana.


MAMA KIKOBA

Mkutano umekaa leo baada ya swala ya alasiri. Mwenye Noah ameenguliwa, kura kumi na moja kwa mbili, mojawapo ni ya aliyemleta, na sijamlaumu. Uani tutafanya mayai gizani na vikopo vya karafuu. Mwenyekiti ameshamweka kuku wake mwekundu juu ya mayai na amekataza mtu kumsogelea, anampelekea maji mwenyewe. Buhuri naandika barua kesho.

Ushongo ndiyo imewatoa macho. Wote wanataka, hata wale waliosema mambo ya wanyama ni ya watoto. Tumekubaliana kila mzazi achange kidogo kidogo kuanzia mwezi huu na tusiiite safari ya Desemba, iwe siku kiota kitakapokuwa tayari, Jumamosi au Jumapili.

Pangani Kwetu, nijibu haya niweke kwenye bajeti: kivuko cha Pangani kwenda Bweni, mtoto analipa au anapita bure? Coaster inavushwa na abiria wakiwa ndani au wanashuka? Na kivuko cha mwisho kurudi ni saa ngapi, maana kama vitoto vya kasa vinatoka magharibi na sisi tuna watoto arobaini ng'ambo ya mto, nataka kujua mapema nani ana godoro huko.